Nilimtafuta Mtu Nisiyemjua Jina

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda Darajani kununua kikoi. Nilichagua cha samawati chenye pindo jeupe, kizito kidogo, cha kuvaliwa miaka. Nilipokuwa nakikunja kukitia sandukuni, mke wangu akaniuliza kinakwenda kwa nani. Nikamwambia kinakwenda kwa yule mpishi wa roti aliyekuwa akinilisha nilipokuwa nasoma Malaysia.

"Kwani anaitwa nani?"

"Anneh," nikasema.

Akadhani ndilo jina, akaendelea na shughuli zake. Mimi nikabaki nimeinama juu ya sanduku, mkono juu ya kikoi. Anneh si jina. Ni neno la Kitamil, maana yake kaka mkubwa. Miaka minne nilimwita hivyo mtu yule, na miaka kumi na mitatu baada ya kuondoka nilimhadithia kwa neno hilo hilo kila nilipokaa na watu barazani, na hata siku moja sikujiuliza mama yake alimwita nani.

Nilisoma Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, kuanzia 2008 hadi 2012. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa, wenyeji hukiita kwa kifupi UIA. Kilianzishwa 1983, na vijana wengi wa Unguja, Pemba na bara wamepita pale. Mabweni yake yanaitwa mahallah na yamepewa majina ya masahaba, kwa hiyo ukiulizwa unakaa wapi unajibu Bilal, au Zubair, au Uthman. Nilifika nikiwa na miaka ishirini na moja, sijawahi kuvuka bahari zaidi ya ile ya kwenda Dar es Salaam.

Wiki ya kwanza nilikuwa na njaa na woga. Njaa ya chakula ninachokijua, na woga wa kuagiza nisichokijua. Asubuhi moja mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa tatu, Mpemba, akanishika mkono akanipeleka Taman Melati, kituo kimoja kabla ya mwisho wa reli ya mjini, kwenye mgahawa ulio wazi pande tatu, viti vya plastiki vimemwagika hadi njiani. Akaniagizia nasi lemak. Ikaja sahani: wali mweupe unanukia, pembeni dagaa waliokaangwa mpaka wakakauka, karanga, vipande vya tango, yai la kuchemsha, na kijiko cha pilipili nyekundu iliyosagwa na kupikwa ikakolea. Nikatia tonge la kwanza mdomoni, nikamtazama yule Mpemba.

"Wali wa nazi," nikasema.

"Wali wa nazi na dagaa," akasema. "Ulidhani umetoka nyumbani?"

Nasi ni wali, na lemak ni ule utamu wa mafuta unaotokana na tui. Tofauti na wetu ni jani la pandani linalofungwa fundo na kutumbukizwa chunguni, na hata hilo ni la ukoo wa mkadi wetu. Tangu siku ile sikuiogopa tena Malaysia. Nilianza kuona vitu nivijuavyo kila upande: doriani na shokishoki sokoni, nanasi likiitwa nanas, sabuni ikiitwa sabun, dunia ikiitwa dunia. Mtu akikuamkia anasema "Apa khabar?" nawe unaisikia habari imo humo humo, imekuja kwa merikebu moja na ya kwetu.

Migahawa ile wanaiita ya mamak. Mamak ni Waislamu wenye asili ya India, wengi wao Watamil, ambao mababu zao walivuka Ghuba ya Bengal kwenda Penang na kwingineko. Nilikuja kuambiwa kwamba neno lenyewe limetokana na la Kitamil la kumwita mjomba, kaka wa mama. Kule Penang walianza kwa kutembeza wali na mchuzi mabegani kwa mzegazega, na kandar katika nasi kandar ndiyo hiyo kazi ya mzegazega. Siku hizi wana majiko makubwa na taa nyeupe, na mingi ya migahawa yao haifungwi usiku wala mchana. Kwa mwanafunzi huo ulikuwa ukombozi. Saa nane za usiku kabla ya mtihani, mkutubi kashalala, wewe unakwenda kwa mamak, unafungua vitabu juu ya meza yenye unyevu wa chai, ukutani kuna mpira wa Uingereza, na hakuna atakayekwambia umekaa sana kwa kikombe kimoja.

Mimi nilikuwa mtu wa roti. Roti canai. Mtu wa kwetu akiiona atasema ni chapati, na hatakuwa amekosea sana, ila hii haisukumwi kwa kifimbo. Nilikuwa napenda kukaa meza ya mbele kabisa, karibu na jiko, nimwone anavyofanya. Anachukua donge moja katika trei, limelala usiku kucha ndani ya mafuta, linang'aa kama yai lililomenywa. Analipiga kwa kiganja juu ya meza ya chuma likawa bapa. Analikamata ukingo, analirusha kwa mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono, linatua limeshakuwa mara mbili. Tena. Tena. Mara ya nne au ya tano unga umekuwa kama shela, unauona mng'aro wa meza kwa chini yake. Hapo anakunja upande huu, anakunja upande ule, hewa inabaki katikati, na inakwenda chumani pamoja na tone la samli. Ikishaiva anaitoa, anaiweka mbele yake na kuipiga makofi kutoka pande mbili, pa! pa!, kama mama anayemfuta mtoto mchanga, na zile kurasa zote za ndani zinafumuka. Halafu anagonga mwiko wa chuma mara mbili ukingoni mwa jiko, mhudumu anakuja kuchukua.

Alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, refu, kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Na alikuwa akiimba. Si kwa sauti, chini chini, mdomo umefungwa. Hivyo ndivyo nilivyomhifadhi: kovu na wimbo.

Agizo langu lilikuwa lile lile: roti kosong mbili, mchuzi kando, teh o kurang manis. Kosong ni tupu, yaani roti isiyotiwa kitu, na teh o ni chai ya rangi, nami sukari nilitaka kidogo. Roti moja ilikuwa ringgit moja na senti ishirini. Baada ya miezi michache sikuwa na haja ya kusema. Akiniona navuka barabara alikuwa anainua vidole viwili, mimi naitikia kwa kichwa, na nikikaa unga ushafika chumani.

Mwisho wa 2009 pesa za mfadhili wangu zilichelewa. Zilichelewa mwezi mmoja, ukawa wa pili, ukawa wa tatu. Zilikuja, na mwaka 2011 zikachelewa tena. Sitaki kuyaeleza sana mambo hayo, kila aliyesoma nje kwa kutegemea fedha za mbali anayajua: unaanza kuruka chakula cha asubuhi, halafu unajifanya umefunga sunna Jumatatu na Alkhamisi, halafu Jumanne pia. Nyumbani huwaambii, kwa sababu baba akisikia atauza kitu.

Nilianza kuinua kidole kimoja badala ya viwili. Yule mpishi hakuuliza. Alileta roti moja, mwenyewe, kwa mkono wake, akarudi jikoni. Nilipokuwa nazitafuna taratibu zile kurasa za mwisho ili zisiishe, akaja tena na sahani nyingine, juu yake roti iliyochanika ukingoni, kama imekatwa na jino.

"Ini koyak," akasema. "Makan."

Hii imechanika. Kula.

Haikuandikwa kwenye karatasi ya hesabu. Kesho yake ikachanika nyingine. Keshokutwa pia. Mara nyingine zilichanika mbili. Mtu aliyekuwa na mkono wa kurusha unga ukawa kama shela, kila nikija mimi mkono unamponyoka! Siku moja nilimwona. Alikuwa amenipa mgongo nusu, roti imeshaiva, imeshapigwa makofi, duara kamili. Akaishika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, akaichana. Chozi likanijia, nikainamia kitabu nikijifanya nasoma. Aliponiletea nikasema ahsante, "terima kasih, anneh," kama kila siku. Naye akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

Nilihitimu 2012. Siku ya kuaga nilikwenda na begi mgongoni, nikampa mkono, wangu mkavu, wake una mafuta, nikasema nitarudi. Kijana anaposema nitarudi anaamini.

Kilichoniamsha ni habari niliyoisoma Desemba 2024, kwamba UNESCO imeitia desturi ya kifungua kinywa cha Malaysia katika orodha yake ya urithi wa wanadamu, na vikatajwa nasi lemak, roti canai na teh tarik, ile chai ya maziwa mazito ya kopo inayomiminwa kutoka kikombe cha juu hadi cha chini mpaka ikatoa povu. Niliisoma nikiwa ofisini Unguja na nikafurahi kama aliyesikia mtaa wao umetajwa redioni. Halafu nikafikiri: urithi wa wanadamu, sawa, na yule aliyekuwa na kovu, je, ameisikia? Miezi minane baadaye kazi ikanipeleka Kuala Lumpur kwa siku tano, nami nikaitenga Jumamosi nzima, sikumwahidi mtu.

Nilipanda treni KL Sentral. Nilipoanza masomo treni zile zilikuwa na mabehewa mawili tu, tukibanana kama dagaa wa kukausha. Sasa ni manne, nikapata pa kukaa. Masjid Jamek, KLCC, Jelatek, Setiawangsa. Vituo nilivitaja mwenyewe kabla ya kipaza sauti. Taman Melati nilishuka nikiwa nimeukumbatia mfuko wenye kikoi na karafuu robo kilo, moyo unadunda kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Mgahawa upo. Bango jipya, viti vipya vyekundu, na hewa imekuwa nyepesi, kwa kuwa tangu Januari 2019 kuvuta sigara kumepigwa marufuku kwenye sehemu za kula, na zamani usiku moshi ulikuwa unakata macho. Vijana wanalipa kwa simu, kaunta imesimamishwa kibao cha kuskani. Nilitafuta meza yangu ya mbele na kwa bahati ilikuwa tupu.

Jikoni alikuwapo kijana mwembamba, miaka ishirini na kitu. Nikaagiza kwa Kimalay changu kilichoshika kutu. Roti mbili zikaja. Nikapasua, nikachovya. Watu hupenda kusema ukirudi baada ya miaka mingi ladha inakuwa imebadilika, au ulimi wako ndio umebadilika. Nami nilijitayarisha kuhuzunika. Lakini nasema kweli: ilikuwa ile ile. Samli ile ile, chumvi ile ile, mchuzi wa dengu wenye majani ya bizari na pilipili kavu. Ladha ilikuwapo kamili, na ndipo nilipojua kwamba sikuja kwa ajili yake.

Nilikuwa nageuza shingo kila mara kutazama mlango wa nyuma. Yule kijana akaona. Akafuta mikono, akaja mezani.

"Abang cari siapa?"

Kaka, unamtafuta nani?

Nilifungua mdomo. Nikamwambia namtafuta aliyekuwa akipika roti hapa zamani. Akauliza jina. Nikasema anneh. Akatabasamu kwa adabu, akasubiri nitaje jina, kwa sababu anneh pale ni kila mwanamume aliye nyuma ya jiko. Hata yeye mwenyewe, ambaye ni Mbangladesh, wateja wanamwita hivyo. Nikainua mkono wa kushoto nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kovu. Akatikisa kichwa. Yeye alikuja 2023.

Dakika ile imenikaa mpaka leo. Nimesafiri maili elfu kadhaa na zawadi mkononi, na mwenye zawadi siwezi kumtaja. Mtu aliyenishibisha nilipokuwa sina kitu, nilichobaki nacho ni kovu lake.

Nimefikiri sana kwa nini sikumuuliza, na sidhani ilikuwa dharau. Ilikuwa adabu. Sisi tumelelewa kwamba mtu aliyekuzidi umri humwiti kwa jina tupu. Ni mjomba, ni ami, ni kaka, ni bibi wa jirani. Nilipofika Malaysia nikawakuta nao wako hivyo hivyo, kila mtu ni abang, ni kak, ni anneh, nikaona raha, nikasema hawa ni watu wa kwetu. Lakini nyumbani mjomba ninayemwita mjomba namjua jina lake, la baba yake, na aliyekosana naye mwaka wa ndizi. Lile neno la heshima limekaa juu ya jina kama kofia juu ya kichwa. Kule mimi nilishika kofia tupu. Niliipenda heshima yangu mwenyewe hata sikuona kwamba chini yake hakuna mtu ninayemjua. Sikujua katoka mji gani, ana watoto wangapi, lile kovu kalipataje. Na muda ulikuwapo! Usiku mzima ulikuwapo.

Yule kijana, Mungu amlipe, hakuniacha. Alipanda juu akamwita mwenye mgahawa. Akashuka mzee mnene mwenye kofia nyeupe, ambaye enzi zangu alikuwa mtu wa kaunta na baba yake ndiye mwenye mali. Sura yangu hakuikumbuka. Nikamweleza: Afrika, UIA, mwaka 2009, 2010. Akatikisa kichwa kwa huruma, Waafrika walikuwa wengi. Nikamwambia: roti kosong mbili, mchuzi kando, teh o kurang manis. Akafumba macho kidogo.

"Meza hii," akasema, akaigonga kwa kidole.

Kaka yangu mkubwa wa kule alikuwa amenijua kwa vidole viwili, na huyu alinijua kwa mchuzi kando. Mimi nao tulikuwa sawa katika hilo. Hata wao hawakunijua jina.

Nikamuuliza mpishi wa roti mwenye kovu aliyekuwa akiimba. Mzee akanitazama, akavuta kiti.

"Yupi?" akauliza. "Mwenye kovu, au aliyekuwa akiimba?"

Walikuwa wawili. Mwenye kovu alikuwa mtu mkimya, hakuwahi kumsikia akiimba hata siku moja. Alifanya kazi pale mpaka katikati ya 2010, mkataba ukaisha, akarudi kwao Kadayanallur, kusini mwa India. Nafasi yake akashika binamu yake, kutoka mji huo huo, umbo lile lile, masharubu yale yale, na huyo ndiye aliyekuwa akiimba. Huyo alikaa zaidi ya miaka kumi. Ulipokuja ugonjwa na Malaysia ikafunga shughuli zake Machi 2020, kula ndani kukakatazwa, wakabaki wanafunga vyakula vya kuchukua tu, na mipaka ilipofunguka alikwenda kwao kuwaona wanawe akawa hakurudi.

Nilinyamaza kitambo. Miaka yote ile nimekuwa nikihadithia mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwapo. Nimemvika huyu kovu la yule, nikampa yule wimbo wa huyu. Siku moja mwaka 2010 mtu aliondoka, mwingine akasimama mahali pake, nami nikainua vidole viwili nikaendelea kula, sikugundua. Labda niligundua nikasahau, lakini hilo halinipunguzii kitu. Ungekuwa unajua majina yao ungewezaje kuwachanganya?

Nikamhadithia mzee habari ya koyak. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuzungusha kikombe chake juu ya meza.

Akanieleza kwamba kwa desturi ya marehemu baba yake, madonge yalikuwa yanahesabiwa usiku yanapotiwa kwenye mafuta, na usiku wa pili yanahesabiwa yaliyobaki pamoja na karatasi za mauzo. Machache yaliyopungua yalisamehewa. Yakizidi, mpishi anakatwa. Yule wa kovu alikuwa akipungukiwa kila mwezi, na binamu yake naye alipokuja ikawa hivyo hivyo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikishika daftari," akasema. "Baba alikuwa akisema, hawa wa Kadayanallur wanakula sana."

Kwa hiyo kila roti iliyochanika mbele yangu ililipwa. Ilitoka kwenye mshahara wa mtu aliyelala watu wanane chumba kimoja juu ya mgahawa, mwenye wake na wana ng'ambo ya bahari wanaosubiri pesa za mbali, kama mimi nilivyokuwa nasubiri. Na kwa idadi aliyoitaja mzee, haiwezekani nilikuwa mimi peke yangu. Meza za wanafunzi zilikuwa nyingi. Nilikuwa nimeishi na kisa hiki kama johari yangu binafsi, kumbe walikuwa wakichana roti kwa mji mzima.

Mzee akatoa kalamu, akaniandikia majina mawili nyuma ya karatasi ya hesabu, kwa herufi za Kirumi, na jina la baba wa kila mmoja. Siyaweki hapa kwa sababu sikuwaomba ruhusa. Lakini ninayo, nimeyahifadhi, na nayajua kwa moyo, na nimemfundisha mke wangu kuyatamka.

Kisha akachukua simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwao India saa moja na nusu. Nilimwambia asimsumbue mtu, akanijibu kwamba mpishi wa roti hajui kulala mpaka saa moja. Uso wa yule aliyekuwa akiimba ukatokea kwenye kioo, mzee, ndevu nyeupe, nyuma yake ukuta wa kijani na mnazi. Wakazungumza Kitamil kwa haraka, nikasikia Afrika, nikasikia UIA. Mzee wa mgahawa akanigeuzia simu.

Tukatazamana. Nikatoa salamu, akaitikia. Akanitazama sana, kwa bidii, kama anayetafuta sindano. Halafu akasema kwa Kimalay, taratibu, kwamba anaomba radhi, hanikumbuki. Sauti yake ilikuwa na majuto ya kweli. Nikamwambia si kitu. Nikamuuliza habari za binamu yake, nikimtaja kwa jina, mara yangu ya kwanza kulitia jina lile mdomoni. Akasema yuko Muscat, miaka mingi sasa, anapika parota, yaani roti ya kwao, kwenye mgahawa mmoja kule, mzima wa afya, mkono wake bado mwepesi. Muscat nina shangazi. Ana wajukuu ambao kila Ijumaa wanakwenda kula nje. Sikuweza kumweleza hayo kwa Kimalay changu, nikabaki natikisa kichwa na kutabasamu.

Nikamwonyesha kikoi kwenye kamera. Nilikuwa nimekuja na kimoja, na sasa walikuwa wawili, nikaona haya. Akasema kikae na bosi, Desemba kuna mtu wa kwao atasafiri. Na karafuu pia. Cha binamu nitakinunua na kukipeleka Muscat mwenyewe, nimeshamwandikia shangazi.

Mwisho nikamwambia kile nilichokuja nacho. Kwamba zile roti zilizochanika, mimi nilijua. Nilimwona yeye au ndugu yake akizichana kwa mkono. Na kwamba leo ndio nimejua ni nani aliyezilipia.

Alicheka kwa kichwa kurudi nyuma, mpaka mnazi ukaonekana wote.

"Memang koyak," akasema. Zilikuwa zimechanika kweli.

Nikasema hapana, anneh. Akasema ndiyo, zilichanika, unga ulikuwa laini. Tukabishana hivyo mara tatu, nne, mzee wa mgahawa kashika simu katikati yetu, kijana wa Bangladesh kasimama na mwiko mkononi akisikiliza. Kisha akaacha kucheka, akaisogeza simu karibu na uso.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekula.

"Ngapi?"

Nikainua vidole viwili.